Pumzi Tano, Muziki Mmoja

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani liko kundi la muziki lenye watu watano tu, lisilo na ngoma, wala zeze, wala kiongozi wa kusimama mbele. Kila mtu ana ala yake ya kupuliza, nazo ni filimbi, oboi, klarineti, basuni na pembe ya shaba. Oboi na basuni hulia kwa vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja, kama zumari ya Pwani. Klarineti ina kipande kimoja tu.

Ala hizi hazifanani sauti, na hapo ndipo penye kazi. Fidla hupatana upesi kama ndugu wa tumbo moja, bali hawa watano ni kama majirani wa makabila mbalimbali: hawana budi kusikilizana. Kabla ya kuanza huvuta pumzi pamoja, na pumzi hiyo ndiyo ishara yao.

Aliyeupa muziki huu heshima ni Anton Reicha, aliyezaliwa Prague mwaka 1770. Alipokuwa Paris alitunga tungo 24 za namna hiyo. Siku hizo pembe haikuwa na vidude vya kubonyeza. Mpigaji aliingiza mkono katika kinywa chake ili kubadili sauti.

Mwaka 1922 Carl Nielsen wa Denmark aliwatungia wapigaji watano wa Copenhagen, akampa kila mmoja sauti zinazolingana na tabia yake. Kisha alikusudia kumtungia kila mmoja utungo wa peke yake pamoja na kundi kubwa. Alimaliza wa filimbi mwaka 1926 na wa klarineti mwaka 1928. Mwaka 1931 akafariki, na watatu hawakupata fungu lao.

György Ligeti alitunga vipande sita vifupi huko Hungaria mwaka 1953. Vilipopigwa Budapest mwaka 1956, watu walisikia vitano tu. Cha sita kiliachwa, kwa kuwa sauti zake zilihesabiwa kuwa kali mno. Leo vyote sita hupigwa.

Basi msikilizaji anaweza kupita zaidi ya miaka 130 katika jioni moja. Asiyezoea na achague ala moja, aifuate kwa sikio, kisha aangalie ni nani anayeijibu. Hapo ndipo atakapotambua kwamba hao watano wanazungumza.