Tarakilishi Ikichoka, Usiizike Mapema

Katika shule nyingi za huku kwetu, kuanzia Embulbul hadi Ngong na Kiserian, si ajabu kukuta tarakilishi moja au mbili zimesukumwa kwenye kona na kufunikwa gunia. Ukiuliza, utaambiwa, "Hiyo imezeeka, kufunguka tu ni shida." Kisha wanafunzi wanne wanabanana mbele ya skrini moja, na mtahiniwa anayetakiwa kukamilisha mradi wake wa KCSE anasubiri zamu kama anayesubiri matatu ya 111 saa ya jioni. Lakini je, mashine hiyo imekufa kweli, ama ina njaa tu? Aghalabu ni njaa ya kumbukumbu, na njaa hiyo ina dawa.

Kwanza tufahamu kumbukumbu ni nini. Chukua mfano wa mwanafunzi anayedurusu. Vitabu vyake vimo kabatini, lakini hawezi kukisoma kitabu kikiwa humo. Ni lazima akilete juu ya deski. Diski ndiyo kabati: huhifadhi kila kitu hata mashine ikizimwa. Kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM, ndiyo deski: hapo huwekwa kazi inayofanywa sasa hivi. Deski likiwa dogo, kila ukitaka kitabu kipya inabidi kingine kirudishwe kabatini. Basi kutwa nzima utakuwa safarini tu! Tarakilishi nayo hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirejesha inapohitajika. Kupata kitu kwenye diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10, ilhali kwenye kumbukumbu haifiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndiyo maana ile taa ndogo ya diski humemeta bila kupumzika, nawe umeshika puku ukingoja.

Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM huko Marekani mwaka wa 1966, na akapewa hataza yake mwaka wa 1968. Kila biti huhifadhiwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, na transista moja huwa kama mlango wake. Kapasita hizo huvuja mithili ya ndoo yenye tundu, kwa hiyo hujazwa upya mara nyingi kila sekunde. Stima ikipotea, ndoo zote hukauka. Sasa unaelewa kwa nini insha ambayo hukuihifadhi hutoweka stima ikikatika, na kwa nini kuongeza kumbukumbu hakukupi nafasi zaidi ya kuweka picha na nyimbo.

Mashine nazo hazikuzeeka peke yake. Kazi ndizo zimenenepa. Windows 95 iliridhika na megabaiti 4. Windows XP ya mwaka wa 2001 ilitaka megabaiti 64. Windows 11 ya mwaka wa 2021 haikubali chini ya gigabaiti 4, yaani zaidi ya mara elfu moja ya ile ya 1995.

Utajuaje kama tatizo ni kumbukumbu? Kwenye Windows 10, fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tazama pale palipoandikwa Memory. Ikiwa imetumika asilimia 90 au zaidi, mgonjwa umemjua. Ikiwa ni nusu tu na bado mashine inajikokota, usitoe pesa yako! Huenda ni diski iliyochoka, virusi, au vumbi lililoziba feni, na vumbi la huku hatuhitaji kulielezwa.

Kabla ya kupanda gari kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, kununua, jua unachotafuta. Kumbukumbu zina vizazi: DDR2, DDR3, DDR4 na DDR5. Kizazi kimoja hakiingii mahali pa kingine, kwa kuwa pengo la chini limewekwa mahali tofauti, na kiasi cha umeme ni tofauti pia. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Usidanganywe na sura ya mashine. Dell OptiPlex 760 na OptiPlex 780 hufanana kama ndugu, lakini ya kwanza hutumia DDR2 na ya pili DDR3. Njia salama ni kuchomoa kijiti kilichomo, kusoma kibandiko chake na kwenda nacho dukani. Vya vipakatalishi ni vifupi, havifai hapa.

Jambo jingine: Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata uijazie 16. Ukitaka kuvuka hapo, sharti uweke ya biti 64, na prosesa iwe inaikubali.

Sasa tuingie kazini. Omba ruhusa ya mwalimu, kisha ufuate hatua hizi:

1. Zima mashine, chomoa waya wa stima, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

2. Fungua kava na uondoe vumbi kwa brashi laini iliyo kavu.

3. Gusa chuma kitupu cha kasha. Mwili hubeba umeme tuli, hasa wakati wa ukavu au ukiwa umevaa sweta, na cheche usiyoihisi yaweza kuua kijiti kizima.

4. Sukuma vishikizo vya pembeni vifunguke. Shika kijiti kwa kingo zake, usiguse meno ya dhahabu.

5. Linganisha pengo na kile kinundu kilicho kwenye nafasi. Kikikataa, usikilazimishe, kigeuze au uhakikishe kizazi chake.

6. Kandamiza pande zote mbili mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Kama una vijiti viwili vya ukubwa mmoja, viweke kwenye nafasi za jozi moja ili vifanye kazi sambamba.

Washa. Ikilia bipu bipu bila kuonyesha kitu, zima, chomoa tena waya wa stima, toa kijiti, kipanguse meno kwa kitambaa laini kikavu na ukirudishe vizuri.

Hata hivyo, tusidanganyane: kumbukumbu si dawa ya kila maradhi. Microsoft iliacha kuitegemeza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11 hata ukizijaza kumbukumbu. Hizo zaweza kuwekewa Linux, ambayo haina malipo. Na ile iliyokufa kabisa isitupwe jaani, kwa maana ndani yake mna risasi na sumu nyingine. Nairobi kuna WEEE Centre, kituo kinachopokea taka za aina hiyo.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka wa 2002, shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati mashine zilizokwisha kutumiwa ofisini na kuzipeleka shuleni. Kama zile zilizoachwa na wengine zimewafunza wanafunzi wengi hivyo, kwa nini sisi tuzizike zetu? Mwenzangu, funua lile gunia kwanza. Huenda kijiti kirefu kama rula fupi ndicho kinachomzuia mwanafunzi mmoja zaidi kupata kiti.