Hewa Iliyomo Ndani ya Mwanzi: Kufundisha Somo la Sauti kwa Ala za Kupulizwa

Wanafunzi wa shule za msingi wanapoulizwa kwa nini filimbi hulia, aghalabu hujibu kwamba upepo hupita ndani yake. Jibu hilo si la kupuuzwa, lakini halitoshi, kwani upepo hupita pia katika mrija wa kunywea soda, nao haulii. Kinacholia ni hewa iliyomo ndani ya ala inapotetemeka. Kazi ya pumzi ni kuianzisha na kuiendeleza mitetemo hiyo.

Hapa Unguja hatuna haja ya kutafuta mifano mbali. Mpiga nai katika taarabu huelekeza pumzi kwenye ukingo wa mwanzi. Pumzi hiyo hukatwa na ukingo, ikawa yayumba mara ndani, mara nje. Zumari ina ndimi nyembamba za jani kavu, ambazo hufunguka na kufunga upesi mno. Njia ya tatu ni midomo yenyewe. Ndivyo ilivyopulizwa siwa, kama ile ya mti iliyokuwa alama ya enzi ya Mwinyi Mkuu, aliyekaa Dunga. Siwa haina ulimi: midomo ya mpulizaji, ikikazwa kwenye tundu lililo ubavuni, ndiyo inayotetemeka. Wanafunzi na waitetemeshe midomo yao hivyo darasani pasipo ala yoyote. Watacheka, na waachwe wacheke.

Ama kuhusu unene na wembamba wa sauti, jambo kubwa ni urefu wa hewa inayotetemeka. Kila tundu la nai lifunguliwapo, ni kana kwamba mwanzi umekatwa hapo. Katika joto letu sauti husafiri kiasi cha mita 350 kwa sekunde. Mwanzi wa sentimita 35, ulio wazi pande zote mbili, huyapa mawimbi safari ya sentimita 70 kwenda na kurudi. Hivyo hutoa mitetemo ipatayo 500 kwa sekunde. Ukizibwa upande mmoja, mawimbi hayana budi kuifanya safari hiyo mara mbili ndipo mtetemo mmoja utimie, nayo mitetemo hushuka hadi 250. Mwalimu akiupata mwanzi wenye fundo, fundo lenyewe ni kizibo tosha.

Pasipo mwanzi, chupa za soda zinazolingana zafaa sana, nazo zina mtego wake. Zitiwe maji kwa viwango mbalimbali, kisha zipulizwe juu ya midomo yake: yenye maji mengi hutoa sauti nyembamba, kwa kuwa hewa iliyosalia ni kidogo. Sasa zigongwe kwa kijiko. Mambo hugeuka! Yenye maji mengi hutoa sauti nene, maana kinachotetemeka sasa ni kioo pamoja na maji, na uzito wa maji huipunguzia chupa kasi ya kutetemeka.

Katika mazoezi ya kufundisha tumewahi kuona swali ubaoni: "Chupa ipi hutoa sauti nyembamba?", pasipo kuelezwa kama inapulizwa au inagongwa. Mwanafunzi aliyezigonga chupa nyumbani kwao hujibu, "Yenye maji machache," akapewa mkasi, ilhali amesema kweli. Mwanafunzi wa namna hiyo na aitwe mbele, apewe chupa na kijiko.