Kijana Atakaye Kuzamia Sheria

Wasomaji wetu, wako wazazi watuulizao jambo hili: "Mtoto wetu amekwisha kupata shahada yake ya sheria, mbona ataka kusoma tena miaka mitatu, minne? Je, atakuwa jaji?" Twawajibu: La. Atakaye uwakili katika Tanzania huenda kujifunza kazi hiyo kwa vitendo. Shahada ya uzamivu ni njia nyingine.

Jina hilo latokana na kuzama, nasi twaona limechaguliwa vema. Kazi kubwa ya mzamivu si kusikiliza mafundisho darasani. Hujichagulia swali ambalo halijapata jibu, hulifuatia akiangaliwa na msimamizi wake, huandika tasnifu, kisha huketi mbele ya watahini kuitetea.

Lakini sheria si imekwisha kuandikwa? Yachunguzwa nini basi? Mtazameni Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946. Alipata shahada ya pili London, akarudi kufundisha Dar es Salaam, na mwaka 1982 akapata uzamivu katika Chuo Kikuu hichohicho. Alichunguza kazi ya mshahara na sheria zake katika nchi yetu, tangu miaka ya 1920 hata 1964. Na mwaka 1986 kazi hiyo ikatoka kitabu.

Katika miaka hiyo ilikuwako sheria ya mabwana na watumishi, ya mwaka 1923. Kuisoma ni kazi ya siku moja: mtumishi aliyetoroka kazini aliadhibiwa kama mhalifu. Lakini kuvunja mapatano, jambo ambalo kwa kawaida ni daawa ya mtu na mtu, mbona kwa huyu mtumishi kuligeuzwa kuwa jinai? Ni nani waliotaka iwe hivyo? Na makuli wa bandari ya Dar es Salaam, waliogoma mwaka 1939 na tena 1947, waligeuza nini? Majibu ya maswali ya namna hii hayamo katika vifungu vya sheria. Hutafutwa katika majalada ya zamani ya serikali, na kwa watu wenyewe, jalada baada ya jalada. Hapo ndipo miaka iendapo.

Hatuufichi uzito wake. Fedha hupungua, rafiki wa shule moja hupata vyeo, naye angali akiandika sura ya pili. Basi, wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe, mwulizeni kijana wenu: Swali lako ni lipi? Msimamizi wako ni nani? Ada italipwa na nani? Asiyeweza kuwaeleza swali lake kwa maneno mepesi, sisi twadhani bado hajalipata, na afadhali angoje.

Na huyo Shivji, mwaka 1991 aliwekwa kuwa mwenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi. Tume ikaenda mikoani, ikafanya mikutano ya hadhara, na wanavijiji wakasimama kueleza jinsi mashamba yao yalivyochukuliwa.