Tovuti Inakaa Wapi?
Tovuti ya duka haikai hewani. Inakaa ndani ya kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Ile ya kwanza, ya CERN huko Uswisi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilibandikwa karatasi: isizimwe! Sisi umeme wetu twaujua. Basi tunapanga nafasi kwa mwenye mashine, kama kupanga chumba. Duka dogo latosha nafasi ndogo. Akikuambia nafasi yake haina mwisho, mshangae. Diski hujaa kama ghala. Muulize ada ya mwaka wa pili, maana wengine huanza chini kisha hupandisha. Na jina, lile linaloishia na .co.tz, liandikishwe kwako wewe. Likiandikishwa kwake, siku mkigombana utahama bila jina, na wateja watazidi kupiga hodi kwake.