Picha Tatu Tulizoonyeshwa Muhula Huu

Muhula huu chama chetu cha sinema kimeonyesha picha tatu ambazo hazina vita wala gari la kuanguka mtoni, na manung'uniko yamekuwa mengi bwenini. "Picha gani hizi za watu kukaa na kusema tu?" Basi, kwa kuwa mimi ndimi niliyezipendekeza kwa mwalimu mlezi wetu, imenipasa kujibu. Nataka kueleza jinsi picha za namna hii zinavyotengenezwa, na kwa nini moja kati yao iliniondolea usingizi.

Nianze na ile iliyopendwa na wote, ili tuimalize upesi. "Queen of Katwe" ilitolewa mwaka 2016, nayo imetokana na maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana aliyeuza mahindi mitaani Katwe, Kampala, akafundishwa mchezo wa sataranji na Bwana Robert Katende mpaka akawa bingwa. Mwongozaji ni Mira Nair, na mama wa msichana amechezwa na Lupita Nyong'o, Mkenya. Tulipiga makofi tulipoona matope ya Katwe na boda boda zake, kwa maana ni mara chache kuona mahali unapopajua katika picha kubwa kama ile. Lakini maoni yangu ni kwamba muziki wake una haraka. Kabla hujajua mwenyewe kama una huzuni, vinanda vimekwisha kukuambia. Tena watu wa Katwe wanasema Kiingereza hata nyumbani kwa mama yao! Kilichonipendeza kuliko vyote kipo mwishoni kabisa, wachezaji wanaposimama kando ya watu wale wale waliowaiga.

Picha ya pili ndiyo iliyoleta ugomvi. "12 Angry Men", yaani watu kumi na wawili wenye hasira, ni ya Marekani, mwaka 1957, nyeusi na nyeupe, dakika 96, na karibu yote imo katika chumba kimoja. Katika korti za huko, watu kumi na wawili wa kawaida, wasio mahakimu, husikiliza kesi, kisha hufungiwa chumbani wapatane kama mshtakiwa ana hatia au hana. Hapa mshtakiwa ni kijana wa miaka 18. Yasemekana amemwua baba yake kwa kisu, na wakimwona ana hatia, naye atauawa. Wanapiga kura: kumi na mmoja wanasema ana hatia. Mmoja tu, aliyechezwa na Henry Fonda, anasema hapana. Wala hasemi kwamba anajua kijana hakuua. Anasema hawezi kumpeleka mtu kufa bila kuzungumza kwanza.

Mmejua kwamba katika vibanda vya picha vya Kampala mtu huketi na kipaza sauti, akiifasiri picha kwa Kiganda huku inaendelea, akitia na mzaha wake. Wanamwita VJ. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tano, hodari sana wa kazi hiyo, alianza kutufasiria usiku ule. Baada ya dakika kumi aliacha. Nilidhani amechoka na wingi wa maneno, kumbe alikuwa anasikiliza.

Mwongozaji, Sidney Lumet, alikuwa hajapata kutengeneza picha ya sinema kabla ya hiyo. Alifanya jambo ambalo wengi hatukuliona kwa macho, ila tulilisikia mwilini. Mwanzoni kamera inatazama kutoka juu kidogo ya macho ya watu, na chumba kinaonekana kipana. Katikati inashuka ikawa sawa na macho. Mwishoni ipo chini yake, hata dari yaonekana, na lenzi zimebadilishwa ili kuta zionekane kuwasogelea. Ndiyo sababu mlijifungua vifungo vya shati ingawa madirisha ya bwalo yalikuwa wazi! Kisha, watu wale wanapotoka nje, mara tunaona ngazi za korti na nafasi tele, nasi tunapumua.

Yule mzee shahidi alikuwa amesema kwamba alitoka kitandani akafika mlangoni kwa sekunde 15, akamwona kijana akikimbia. Fonda anapima hatua pale chumbani, anatembea akichechemea kama mzee mwenyewe, na mwenzake ameshika saa. Sekunde 41. Hapo bwalo zima lilinyamaza kuliko linavyonyamaza katika picha yo yote ya ngumi. Na hata mwisho hatuambiwi ni nani aliyeua.

Picha ya tatu ni ya Italia, mwaka 1948, "Ladri di biciclette", yaani Wezi wa Baiskeli. Mwongozaji ni Vittorio De Sica, na baba tunayemwona alichezwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mchezaji wa sinema. Ni mji wa Roma baada ya vita, na kazi hakuna. Baba huyu anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baiskeli, na yake ipo rehani. Mke wake anavua mashuka ya vitanda vyao, anayaweka rehani badala yake. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Picha iliyobaki ni baba na mtoto wake Bruno wakitembea mjini wakiitafuta. Ni hayo tu.

Hawaipati. Mwishowe baba anaona baiskeli peke yake mlangoni pa nyumba, anamwambia Bruno aende zake kwa tramu, naye anaiiba. Watu wanamkimbiza, wanamkamata, wanampiga makofi. Bruno alikosa ile tramu, yote ameyaona. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto yule anayelia, kisha anasema mwacheni.

Wenzangu, likizo ya mwaka juzi, kwenye senta ya kwetu, watu walipiga kelele za mwizi. Kijana wa umri wangu alikuwa chini, na ilisemwa ameiba baiskeli. Mimi nilikimbia pamoja na wengine, nikaokota jiwe. Sikulitupa. Lakini lilikuwa mkononi mwangu, na kama mama mmoja muuza ndizi asingalimfunika kijana yule kwa mwili wake mpaka polisi wakaja, sijui ningalifanya nini. Hakuna aliyempima mtu sekunde siku ile. Wala kijana hakuwa na mtoto kando yake wa kututazama. Mpaka leo sijui kama aliiba. Picha ya Roma ilipofika kwenye kundi lile la watu, nilianza kuangalia nyuso zao moja moja, nikitafuta mwenye umri wangu.

Tulipokuwa tukirudi bwenini, ndugu mmoja tutokaye kijiji kimoja aliniuliza kama nalikumbuka jambo lile. Nikamwambia nalikumbuka. Hatukusema zaidi.

Muhula ujao tutapiga kura kama chama kiendelee na picha za namna hii, au tukodi zile za ngumi. Kura yangu mwaijua. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, mkija Siku ya Wageni, ile ya Roma itaonyeshwa tena bwaloni saa mbili usiku. Fikeni mapema, kwa sababu watu wake wanasema Kiitaliano, na maneno ya tafsiri yaliyo chini ya picha hayasomeki kutoka viti vya nyuma.