Uvimbe Usiouma Ndio wa Kuwahi

Saratani ya korodani ni adimu Afrika Mashariki, lakini ikimpata mtu humpata angali kijana, mara nyingi kati ya miaka 15 na 40. Hatari huzidi kwa aliyezaliwa na korodani ambayo haijashuka, na kwa mwenye baba au ndugu aliyewahi kuugua. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni uvimbe mgumu, na mara nyingi hauumi. Kutouma huko ndiko kunakoponza: kijana wa Sumbawanga huendelea na shamba lake, akiambiwa ni ngiri au busha, atafute dawa ya mizizi.

Kutofautisha si kazi kubwa. Mhudumu wa afya akimulika kwa tochi chumbani gizani, maji ya busha kwa kawaida hupitisha mwanga; uvimbe wa nyama hauupitishi. Hufuata altrasaundi na vipimo vya damu. Daktari akishuku saratani hachomi sindano kwenye pumbu kuchukua kinyama, asije akaisambaza. Hupasua kinenani, akaitoa korodani nzima ikapimwe maabara.

Wapo watakaouliza: kuna haja gani, ilhali malaria inaua wengi zaidi, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga? Umbali huo ndio sababu ya kuwahi. Ukiwahi, mara nyingi upasuaji mmoja hutosha, yakabaki mahudhurio ya uchunguzi. Ukichelewa hadi ikafika mapafuni, utahitaji tibakemia ya miezi kadhaa. Hata hapo usikate tamaa: tangu Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alipoanza kuchanganya sisplatini na dawa nyingine mwaka 1974, wengi ambao saratani yao ilikwisha kusambaa hupona. Wengine wanahofia uanaume wao. Korodani moja nzima kwa kawaida hutosha kwa homoni, tendo la ndoa na uzazi.

Baridi ya Juni na Julai huikunja ngozi ya pumbu, kwa hiyo jikague baada ya kuoga maji ya moto: viringisha kila korodani taratibu kati ya kidole gumba na vingine. Kamba laini iliyo nyuma ni ya kawaida. Kigumu kipya kipeleke hospitali wiki hiyohiyo. Na mama aendapo kliniki na mtoto wa kiume, aulize kama korodani zote mbili zimeshuka. Ikiwa bado akiwa na miezi 6, adai rufaa kwa daktari wa upasuaji, kwani kuishusha mapema hupunguza hatari ya saratani ukubwani.