Saa Sita Ipi? Zana za Kompyuta Zahitaji Maelezo

Mkulima wa Kifungilo, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, na mvuvi wa Nungwi kisiwani Unguja hawajuani, lakini mahitaji yao ni mamoja. Mkoa wa Tanga na visiwa vyetu vimo katika ukanda wenye misimu miwili ya mvua, vuli ya Oktoba hadi Disemba na masika ya Machi hadi Mei, na utabiri wake hutolewa na chombo kimoja, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mmoja huutaka ili ajue lini apande karoti na kabichi. Mwingine ili ajue kama ngalawa iende baharini au ibaki pwani.

Habari za namna hiyo sasa zinaanza kupita katika mikono mipya. Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, haiishii tena katika kujibu maswali. Zimezuka programu ziitwazo mawakala: mtu huipa programu lengo, nayo huchagua zana za kompyuta, huzitumia na kumletea matokeo. Wakala huyo haijui zana kwa kuizoea, kama seremala aijuavyo randa yake. Huijua kwa kusoma maelezo yake. Katika utaratibu wa Model Context Protocol, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic ya Marekani mwezi Novemba 2024, kila zana hutajwa kwa jina, maelezo ya kazi yake na aina ya taarifa inayohitaji kupewa. Maelezo yakiwa mabovu, zana nzuri hutumiwa vibaya.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Karani mgeni akikuta neno asilolielewa humwuliza mwenziwe wa meza ya pili. Wakala wa kompyuta mara nyingi hukisia, tena kwa maneno ya mtu mwenye hakika.

Tuchukue mfano wa saa. Tuseme zana ya utabiri yaandika tu: "upepo mkali kuanzia saa 6, kasi 40." Kwa hesabu yetu, saa 6 ni adhuhuri au usiku wa manane. Kwa hesabu ya kizungu yaweza kuwa saa 12 yetu ya asubuhi. Na kwa kuwa kompyuta nyingi hutunza saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, yaweza pia kuwa saa 3 ya asubuhi. Hiyo 40 nayo, ikiwa ni kilomita kwa saa, ni sawa na maili 22 hivi za baharini. Ikiwa ni maili za baharini, ni kilomita 74. Tofauti hiyo ni ya uhai na mauti kwa aliye chomboni.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya wanyonge peke yao. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za metriki.

Maelezo mema, basi, husema zana inafanya nini na haifanyi nini. Hutaja kipimo cha kila tarakimu na umbo la kila tarehe. Hupambanua zana ya kutazama deni na zana ya kutoa ankara mpya, wakala asije akamtoza mwananchi mara mbili. Hueleza kila kosa maana yake, kwani "taarifa haipo" si sawa na "mvua haipo."

Wako watakaosema kwamba tumwandikie binadamu kwanza, mashine ingoje. Sisi hatuoni ugomvi hapo. Maelezo hayo hayo ndiyo atakayoyahitaji ofisa aliyehamishiwa kituo kipya, na fundi anayerithi mfumo baada ya aliyeutengeneza kuondoka.

Tanzania Bara ina Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 na mamlaka inayoisimamia. Zanzibar nayo ina Mamlaka ya Serikali Mtandao yake. Tunaziomba mamlaka hizo mbili zikubaliane juu ya kanuni moja nyepesi: mfumo wowote wa umma usipokewe, wala mkandarasi asikamilishiwe malipo, mpaka maelezo yake yakabidhiwe kwa Kiswahili na Kiingereza, yakiwa yamejaribiwa na mtu asiyeshiriki kuutengeneza. Akishindwa kuutumia kwa kuyasoma tu, yaandikwe upya.

Kazi hii haidai mitambo ya kigeni wala fedha nyingi. Yadai karani mwenye subira na mkubwa wa ofisi atakayekataa kutia sahihi kabla hajaona maelezo yaliyokamilika.